Sakafu ya Mbao Haipigwi Deki

Wengi wetu tumelelewa na ndoo: maji yamwagwe, sabuni itoe povu, deki ipigwe. Saruji na vigae huvumilia hayo. Sakafu ya mninga, mvule au mkongo haivumilii. Mbao hunywa maji ikavimba, ikikauka husinyaa, na mchezo huo ukirudiwa vibao hupinda kingo na kubanduka.

Andaa ufagio laini, ndoo mbili, vitambaa vya pamba na sabuni ya maji isiyo kali.

Hatua ya 1: Ijue kinga yake. Dondosha tone la maji pembeni, usubiri dakika 5. Likikaa duara kama lililo juu ya jani la gimbi, vanishi ni nzima. Likizama na kuacha weusi, kinga imekwisha; likiacha weupe, sakafu ni ya nta.

Hatua ya 2: Fagia kila siku. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko vanishi. Ukiikanyaga, inafanya kazi ya msasa. Fagia kwa kufuata urefu wa mbao, uchafu utoke mianyani. Weka zulia mlangoni, na viatu vibaki nje.

Hatua ya 3: Futa kwa unyevu tu. Sakafu ya vanishi haihitaji zaidi ya kijiko kimoja cha chai cha sabuni kwa lita 5 za maji. Kamua kitambaa hadi kisidondoshe hata tone. Futa eneo dogo, suuza kitambaa katika ndoo ya pili, kisha pitisha kikavu papo hapo. Sakafu ya nta ifutwe kwa kitambaa kikavu.

Hatua ya 4: Epuka vikali. Siki na ndimu hufifisha vanishi. Jiki hupausha mbao.

Hatua ya 5: Nta kwa sakafu ya nta pekee. Paka kiasi chembamba, iache ikauke, kisha sugua hadi ing'ae. Juu ya vanishi, nta huleta utelezi, na vanishi mpya haitashika.

Hatua ya 6: Kinga mikwaruzo. Gundisha vipande vya zulia kuukuu chini ya miguu ya viti na meza. Kabati lisiburutwe, itaneni wawili mlinyanyue.

Hatua ya 7: Wahi kupaka upya. Vanishi ikianza kufifia, ikwaruze kidogo kwa msasa laini, futa vumbi lote, upake mkono mpya. Ukingoja mbao zibaki tupu, fundi atalazimika kuzisaga, na unene unaosagwa haurudi. Ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke: vikikunjwa pamoja vinaweza kushika moto vyenyewe.

Kila mwaka masika yakiisha, rudia lile tone la hatua ya kwanza. Litakuambia mapema kuliko jicho.