Kaka, usiache dawa kimyakimya

Wadogo zangu wa kiume, leo nazungumza na nyinyi. Mke au dada aliye karibu, naye asikilize.

Najua mnayopitia. Pikipiki ni ya mkataba, hesabu ya bosi inasubiriwa kila jioni, na marejesho ya mkopo wa kausha damu hayajui mvua wala msiba. Usingizi unakata saa nane usiku, hasira ziko karibu, chakula hakipiti. Mwisho ukaenda hospitali, ukaambiwa una sonona, ukapewa bahasha ya vidonge: kimoja kila usiku. Foleni ilikuwa ndefu, hukueleweshwa zaidi, na wewe ukaona haya kuuliza.

Siku ya tano mdomo umekauka, asubuhi unasinzia, na mawazo yako palepale. Ukasema dawa haifanyi kazi, na hela ya kununua nyingine huna. Ukaacha. Sikulaumu, mdogo wangu. Mtu asiyeelezwa dawa yake, na mfuko wake mtupu, ataiacha kabla haijaanza kumsaidia.

Basi nikueleze. Dawa za sonona kama amitriptilini na fluoksetini huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla hujaona nafuu ya kweli. Maudhi yake hutangulia, na mengi hupungua kadiri mwili unavyozoea. Amitriptilini hukausha mdomo na kuleta usingizi, ndiyo maana humezwa usiku. Ukiamka bado unasinzia, usiendeshe, rudi kwa daktari abadilishe dozi au dawa. Usichanganye na pombe. Ukipata nafuu, endelea kwa miezi yote aliyokupangia daktari. Ukikatisha ghafla unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, na ugonjwa ukarudi. Wala usikate kidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Unaweza kutumia hela yako na usipone.

Suala la hela lizungumze mle mle chumba cha daktari. Mwambie, "Daktari, kwa mwezi naweza kutoa kiasi hiki tu." Kumwambia hivyo si aibu, kunamsaidia kukuchagulia dawa utakayoimudu. Mwombe aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni, maana mara nyingi bei hushuka. Kama huna kabisa, hospitali ya serikali ulizia ofisi ya ustawi wa jamii. Wao ndio huangalia msamaha wa malipo kwa wasioweza kulipa. Na ukifika dirisha la dawa, usiondoke bila kuuliza: Inaitwaje? Nafuu nitaiona lini? Nikisahau dozi nifanyeje? Dalili gani nikiiona nirudi haraka? Majibu yaandike kwenye simu.

Kidonge hakilipi deni, hilo nakubali. Lakini usikope kausha damu nyingine kulipia ya kwanza. Kaa na mtu unayemwamini, andikeni madeni yote, kisha mwone anayekudai kabla ya siku ya marejesho. Usingizi ukirudi na kichwa kikitulia, mazungumzo hayo utayaweza.

Nanyi wake na dada, msiite hizo dawa za vichaa. Amitriptilini hiyo hiyo hupewa watu wenye maumivu ya neva. Kaka akisema amechoka kuishi, msibishane naye wala msimwache peke yake. Dawa zote zikae kwenu, maana zikizidi kipimo zinaweza kuua, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema wanaume hufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake. Kauli ya kuchoka kuishi ichukuliwe kwa uzito kila inaposemwa.

Nawe kaka, vidonge vikibaki vya siku chache na hela haijapatikana, nenda kliniki kabla havijaisha. Sema ukweli: dawa inakaribia kwisha na sina. Hapo mtatafuta njia pamoja, na hutakuwa umeubeba mzigo huo peke yako.