Kuchagua Majirani wa Samaki Betta katika Tangi Dogo

Samaki betta, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Betta splendens, jina alilopewa na Charles Tate Regan mwaka 1910, hununuliwa mara nyingi kwa ajili ya mapezi yake marefu na rangi zake kali, na haupiti muda mrefu kabla ya mnunuzi kumwonea huruma kwa upweke wake na kuanza kumtafutia wenzake. Huruma hiyo ni njema, lakini betta dume si samaki wa kundi: huko Thailand anakotoka, katika mabwawa, mifereji na mashamba ya mpunga ya bonde la mto Chao Phraya, yeye hushika eneo lake katika maji ya kina kifupi yenye majani mengi, na humfukuza dume mwingine yeyote anayeliingia. Kwa karne nyingi watu wa sehemu hizo walizalisha madume wa kupiganishwa kwa kuchagua wale wasiokubali kushindwa, na damu hiyo ingali ndani ya samaki wengi wanaouzwa leo. Bwawani aliyeshindwa hukimbia na ugomvi ukaishia hapo. Tangini hana pa kukimbilia. Kwa hiyo swali la kwanza si nani anayependeza akiogelea kando ya betta, bali ni kama tangi lenyewe lina nafasi ya mkazi wa pili, na kama halina, betta na aachwe peke yake, kwa maana upweke haumdhuru hata kidogo.

Nafasi hiyo hupimwa kwa lita, nazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha tangi kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina ujazo wa lita 54 kwa hesabu, ingawa changarawe, mawe na nafasi ya hewa inayoachwa juu huweza kuupunguza hadi karibu lita 45 za maji yenyewe. Tangi la lita 20 humtosha betta mmoja na huweza kumpokea konokono mmoja au wawili. Vile vikombe na vibakuli ambamo betta huuzwa havimfai hata akiwa pekee. Samaki wengine wasifikiriwe chini ya lita 40, na hapo pia tangi lenye kitako kirefu ni bora kuliko lile jembamba lililoinuka juu, hata kama lita zake ni zilezile, kwa sababu samaki hukwepana kwa kwenda kando zaidi kuliko kwa kupanda na kushuka.

Maji nayo lazima yawe yamekomaa. Kinyesi na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, sumu inayounguza matamvua, yaani viungo ambavyo kwavyo samaki huvuta oksijeni iliyomo majini. Jamii moja ya bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni, na jamii nyingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haidhuru ikiwa kidogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kujenga makazi yao katika kichujio na changarawe, na wingi wao hulingana na kiasi cha uchafu walichokizoea, ndiyo maana mfugaji anayeingiza wakazi wote kwa siku moja hushangaa kuwaona wakifa mmoja baada ya mwingine ilhali maji ni maangavu. Uangavu wa maji hauonyeshi usalama wake. Kinachoonyesha ni kipimo cha amonia na nitriti, na vyote viwili vinatakiwa kusoma sifuri.

Hapa lipo jambo ambalo vitabu vingi vya ufugaji hulipitia haraka, nalo linastahili kutazamwa kwa makini. Betta ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kiitwacho labirinthi, chenye mikunjo mingi iliyojaa mishipa ya damu, ambacho humwezesha kuvuta hewa moja kwa moja kutoka juu ya maji. Kwa hiyo yeye huvumilia maji yenye oksijeni haba kwa kiwango ambacho majirani zake wengi hawakiwezi. Mfugaji anayemtazama betta peke yake kama kipimo cha afya ya tangi hudanganyika, kwa sababu betta ataonekana mzima wakati samaki wengine wanahema juu ya maji. Katika miji ambako umeme hukatika kwa saa kadhaa, na pampu ya hewa na kichujio vikasimama, watakaokufa kwanza ni hao majirani, na usiku wa joto ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Asiye na pampu ndogo ya betri atafanya vyema kubaki na wakazi wachache sana.

Tangi likishatosha, kinachofuata ni tabia. Betta humshambulia zaidi yule anayefanana naye, mwenye mkia mpana, rangi za kung'aa na mwendo wa kujivuta, au yule anayeogelea katika tabaka lake la juu karibu na uso wa maji; na kwa upande wake huonewa na samaki wepesi wenye desturi ya kung'ata mapezi, kwa kuwa mapezi marefu humchelewesha asiweze kukwepa. Jirani mwema basi ni yule mdogo lakini asiyeweza kumezwa, mwenye umbo na rangi isiyomkumbusha betta adui yake, anayekaa chini au katikati, na anayestawi katika maji ya nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Hata sifa hizo zote zikitimia, tabia ya betta mmoja mmoja huamua: wapo wanaokaa na konokono miaka yote bila kumgusa, na wapo wanaozikata pembe zake siku ya kwanza. Dalili za ukali wa dume fulani huonekana mapema kwa anayemwangalia, kwa mfano akipanua mashavu na kukimbilia kila kitu kinachosogea nje ya kioo, na dume wa namna hiyo hafai kupewa jirani yeyote.

Konokono ndiye mwanzo ulio salama kuliko wote. Wa jamii ya nerite, ambao huuzwa wakiwa na gamba lenye mistari au madoa, hula mwani unaoota juu ya kioo, hutoa uchafu kidogo na hawajazi tangi watoto, kwa sababu mabuu yao huhitaji maji yenye chumvi ili wakue. Mayai yao meupe hubaki yameganda juu ya mawe na mbao bila kuanguliwa, kasoro ndogo ambayo mfugaji anaweza kuivumilia. Gamba la konokono hujengwa kwa kalsiamu, na maji yenye asidi hulimomonyoa, jambo linalogongana na desturi moja nzuri ya wafugaji wa betta, yaani kuweka majini majani makavu ya mkungu. Mti huo, Terminalia catappa, ndio ule unaotoa kivuli katika miji ya pwani kutoka Lamu hadi Mtwara, na majani yake yaliyoanguka yenyewe na kukauka hutoa tanini, kemikali inayoyapa maji rangi ya chai na kuyaongezea asidi kidogo, kama yalivyo maji mengi ya asili ya betta. Jani moja lililooshwa vizuri, kutoka mti usiopuliziwa dawa na ulio mbali na moshi wa magari, halitamdhuru konokono katika tangi la lita 40 ikiwa maji ya bomba au ya kisima ni magumu, yaani yana chokaa nyingi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya mwambao wenye miamba ya matumbawe. Lakini anayetumia maji ya mvua achague kimoja, majani mengi au konokono.

Uduvi wa maji yasiyo na chumvi, hasa wale wekundu wa Neocaridina davidi wenye urefu wa sentimita 2 hadi 3, huja baada ya konokono. Wao husafisha mabaki ya chakula na kuchokora majani ya mkungu yanayooza, lakini mfugaji awapokee akijua kwamba betta ni mla nyama, ambaye porini hula mabuu ya mbu na wadudu, na kwamba watoto wa uduvi kwake ni chakula. Mimea iliyoshonana, magogo yenye matundu na marundo ya mawe madogo huwapa mahali pa kujificha wakati wa kujivua gamba, ambapo miili yao huwa laini. Dawa za samaki zenye shaba ziepukwe kabisa, kwa kuwa kiasi kinachomponya samaki huweza kuwaua uduvi wote.

Kati ya samaki, chaguo bora kwa tangi la lita 45 hivi ni kambare vibete wa Amerika Kusini wanaouzwa kwa jina la Corydoras pygmaeus, ambao hawazidi sana sentimita 2.5. Hao ni samaki wa kundi kwelikweli, na wakinunuliwa wawili au watatu hujibana pembeni kwa hofu na kudhoofika, kwa hiyo wasipungue 6. Chini pawe na mchanga laini, kwa sababu changarawe yenye ncha hukwaruza sharubu zao, na chakula chao kiwe kile kinachozama, kikitolewa wakati uleule betta anapopewa vidonge vyake vinavyoelea, la sivyo betta hushuka na kula sehemu ya wote mpaka tumbo limvimbe. Samaki wadogo wa rangi ya kaa la moto wajulikanao kama tetra wa ember, Hyphessobrycon amandae, wenye urefu wa sentimita 2 hivi na wenyeji wa Brazil, nao hukubaliana na betta mpole wakiwa 8 au zaidi. Ila mfugaji achague kundi moja tu kati ya haya mawili, kwa kuwa lita 45 hazitoshi kwa yote.

Wasiofaa ni wengi, na baadhi yao ndio wanaopendekezwa sana madukani. Dume mwingine wa betta ni marufuku, na jike pia asikae na dume isipokuwa kwa muda mfupi wa kuzalisha chini ya uangalizi. Majike wengi pamoja nao hugombana wakiwania ukuu, hata kama wiki za kwanza zilikuwa za amani. Gourami ni wa familia moja na betta na humchukulia kuwa mshindani. Gapi madume, kwa mikia yao mipana yenye rangi, huchokoza hasira yake bila kukusudia, na barbu wenye milia ya simbamarara huyachana mapezi yake. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 22, hutoa uchafu mwingi na hukua mno kwa tangi dogo. Wale samaki wazuri wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, ambao msomaji wa Kigoma au Kyela angependa kwa haki kabisa kuwaona nyumbani kwake, wamezoea maji magumu yenye alkali nyingi na ni walinzi wakali wa maeneo yao; wanastahili tangi lao wenyewe.

Mpangilio wa kuwaingiza una uzito sawa na uchaguzi. Wageni wakae kwanza katika chombo cha peke yao kwa wiki 2 hadi 4, kipindi kinachoitwa karantini, ili magonjwa kama yale madoa meupe yanayosababishwa na kimelea Ichthyophthirius multifiliis yajitokeze kabla ya kufika tangini. Ikiwezekana, majirani watangulie na betta aje mwisho, asipate nafasi ya kulihesabu tangi lote kuwa lake. Kama ameshakaa humo, atolewe kwa saa chache, mawe na mimea ipangwe upya, kisha arudishwe baada ya wageni kutulia. Kufukuzana kwa muda mfupi siku ya kwanza si ajabu. Kufukuzana kusikokoma, mapezi yaliyochanika, samaki anayekataa kula au anayejificha mchana kutwa, hizo ni dalili kwamba ujirani umeshindikana, na mfugaji anayeanza jambo hili bila kuwa na chombo cha pili tayari hajajiandaa.

Ujirani ukishindikana, wakazi wanaoondolewa warudishwe dukani au wapewe mfugaji mwingine, wala wasimwagwe mtoni, katika mfereji wa shamba au bwawani. Konokono wa tufaha, Pomacea canaliculata, ambaye ni wa jenasi moja na konokono wakubwa wa rangi ya dhahabu wanaopendwa na wafugaji wa samaki wa mapambo, aliripotiwa mwaka 2020 katika skimu ya umwagiliaji ya Mwea nchini Kenya, ambako hula miche michanga ya mpunga na kuwatia hasara wakulima. Anayenunua konokono amuulize muuzaji ni wa jamii gani, na kama muuzaji hajui, asimnunue.