"Used to" na Kuzoea

Nilipomaliza shule niliandika barua ya kuomba kazi ya ukarani. Nilitaka kusema ya kwamba mimi huamka mapema na huwatii wakubwa wangu. Basi nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri: "I used to wake up early and I used to obey my elders." Barua ilirudishwa. Pembeni palikuwa na wino mwekundu: "And now?" Yaani, na siku hizi je? Kazi sikupata.

Leo mimi ni mwalimu, na killa muhula nalikuta kosa lile lile katika madaftari. Asili yake ni lugha yetu wenyewe. Tunasema "Baba huenda shamba," na mwanafunzi akitafuta Kiingereza cha hiyo hu- hushika "used to". Lakini "used to" ni ya mambo yaliyopita, na kwa kawaida yaliyokwisha. "My father used to smoke": baba alikuwa akivuta sigara, sasa ameacha. Kwa desturi ya leo sema tu, "I wake up early." Ni rahisi mno hata wengi hawaamini.

Ukiuliza au kukanusha kwa "did", ile d ya mwisho huondoka: "Did you use to live here?" Sikio halisikii tofauti, lakini kalamu sharti iijue.

Mwenye hila hasa ni "I am used to". Huyu maana yake ni nimezoea, na baada yake huja jina, au kitenzi chenye -ing. "I used to walk to school": zamani nilikuwa nikienda shule kwa miguu. "I am used to walking to school": miguu imekwisha zoea, safari hainisumbui. Katika barua yangu ya pili, niliyopeleka mahali pengine, niliandika "I am used to hard work," nikaitwa.

Na kule kuzoea pole pole ni "get used to". Mgeni wa bweni husema, "I am getting used to the food," yaani maharage yetu bado yanamshinda, ila anajitahidi.

Wanafunzi wa Kidato cha Pili, nileteeni sentensi tatu za namna hizi Jumatatu asubuhi. Zihusu maisha yenu wenyewe, si baba yangu na sigara zake.