Kopo la Rangi na Chombo cha Maua cha Mtumba

Kwenye masoko ya Gikomba au Kongowea, vyombo vya maua vya kioo utavikuta vimechanganywa na bilauri na bakuli za mtumba, vingine vikiwa na lebo ya bei ya duka la Ulaya. Wasomaji wengi wamenunua, wamevipiga rangi ya kupuliza, na sasa wana maswali. Fundi wetu wa mapambo anajibu.

Shikamoo fundi. Nilikipiga chombo changu rangi ya dhahabu. Wiki haijaisha, inabanduka kama gamba la nyoka. Nimeuziwa kopo bandia?

Marahaba, mwanangu. Huenda kopo halina kosa. Mbao hunywa rangi, chungu nacho hunywa, kioo hakinywi. Rangi hukaa juu juu tu, na ikikuta mafuta, hata ya kidole, haina pa kushika. Na chombo cha mtumba kimepita mikono mingi kabla ya kukufikia.

Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Gundi ya lebo ikigoma, itoe kwa mafuta ya taa, kisha rudia sabuni, maana mafuta ya taa nayo ni mafuta. Kisha kisugue kwa msasa laini, namba 400, ukiwa umelowa maji ili vumbi la kioo lisiruke, mpaka mng'ao ufifie. Wengi huruka hatua hii kwa kuogopa mikwaruzo. Rangi itaifunika, na hiyo mikwaruzo ndiyo inayoishika.

Sasa kijaribu: kimwagie maji safi, ukitazame kwenye mwanga. Maji yakitandaa sawasawa, kimetakata. Yakijikusanya matone matone na kuacha mabaka makavu, mafuta bado yapo. Rudi kwenye sabuni. Kikikauka, kifute kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Tangu hapo usikiguse kwa kidole. Mimi hukipindua, mdomo chini, juu ya chupa iliyojaa mchanga, ili nigeuze chupa badala ya chombo.

Anza na praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, zote kwa namna hii. Litikise kopo dakika moja au mbili baada ya kusikia gololi ikigonga. Simama umbali wa sentimita 25 hivi. Anza kupuliza kabla hujakifikia chombo, achia ukishakipita. Tabaka la kwanza liwe jepesi kiasi kwamba kioo bado kinaonekana. Ngoja kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha rudia. Matabaka matatu membamba yatadumu kuliko moja nene, ambalo litachuruzika tu. Kukauka kiasi cha kuguswa ni kama nusu saa. Kukomaa ni siku kadhaa, basi usikisugue wala kukipanga na vingine kabla ya wiki.

Niko Tanga. Nimepiga rangi nyeusi wakati wa masika, ikatoka na ukungu mweupe.

Ni unyevu huo. Viyeyushi vya rangi vinapopaa haraka huupoza uso wa chombo, na mvuke ulioko hewani unatua juu ya rangi mbichi. Acha ikauke kabisa, subiri siku kavu, upulize tabaka jembamba juu yake. Pwani, mimi hupenda saa nne asubuhi: umande umekwisha na upepo wa bahari bado haujachachamaa.

Naweza kuweka maua mabichi?

Ukiwa umepiga nje tu, weka. Rangi ya ndani hupendeza sana, kwa sababu ule mng'ao wa kioo unabaki juu yake, lakini maji yakikaa humo yataivimbisha na kuibandua. Hicho kiwe cha maua makavu, au utumbukize kopo la plastiki ndani na maji yakae humo. Kisiwe cha kunywea wala kuwekea chakula.

Kuna chombo ambacho hupaswi kukipiga rangi?

Kipo, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Kabla ya kushika kopo, pindua chombo usome kitako. Ukikuta jina la kampuni kama Lalique, Baccarat au Iittala, weka kopo chini. Kile chombo cha mawimbi alichokibuni Alvar Aalto mwaka 1936, Iittala ya Finland inakitengeneza hadi leo. Ukikipaka rangi umekipunguzia thamani. Pili, angalia kristali: kizito kuliko kinavyoonekana, ukikigonga kwa kucha kinalia kwa muda, na juani kinatawanya rangi ukutani. Kwa kipimo cha Ulaya, kristali ya risasi huwa na oksidi ya risasi kuanzia asilimia 24. Msasa hapo utakutolea vumbi la risasi. Kiache kilivyo.

Naishi ghorofani. Nipulizie kibarazani?

Pulizia, kama hakuna jiko linalowaka karibu, nguo za jirani hazijaanikwa chini, na watoto wako ndani. Gesi inayosukuma rangi mara nyingi ni jamii ile ile ya gesi ya kupikia, nayo hushika moto. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa viyeyushi, basi simama upande upepo unakotokea. Kopo usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Kopo langu limeziba na bado limejaa.

Chomoa kichwa chake, kiloweke kwenye thina, kisha kirudishe. Siku nyingine ukimaliza, pindua kopo na ubonyeze mpaka itoke gesi tupu.