Somo la Saba: Kahawa Iliyohifadhiwa katika Mapipa ya Pombe Kali

Madhumuni: Baada ya somo hili, mlaji ataweza kueleza kahawa ya pipa ni nini, kuisoma lebo yake kwa makini, na kudai haki yake pale anapopotoshwa.

1. Kahawa hii ni ipi?

Katika miteremko ya Mlima Meru, kahawa ya arabika hulimwa kwenye mashamba makubwa na kwenye vihamba vya wakulima wadogo, chini ya kivuli cha migomba. Buni ikishamenywa, kuoshwa, kukaushwa na kukobolewa, kwa kawaida hukaangwa. Kahawa ya pipa huongezewa hatua moja kabla ya kukaangwa: buni mbichi hutiwa katika pipa la mwaloni lililokwisha kutumika kuhifadhia wiski au ramu, ikakaa humo kwa siku au majuma kadhaa.

Mapipa hayo hupatikana kwa wingi kwa sababu sheria ya Marekani inataka wiski aina ya bourbon ihifadhiwe katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani. Pipa likishatoa bourbon yake, huuzwa kwa matumizi mengine.

2. Harufu, kileo na usalama

Buni iliyokaushwa vizuri huwa na unyevu wa takriban asilimia 10 hadi 12, nayo hunyonya kwa urahisi harufu iliyo jirani. Ndiyo maana haifai kuwekwa karibu na mafuta ya taa. Katika pipa, tabia hiyo hiyo hugeuzwa kuwa faida.

Kileo huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, ilhali kahawa hukaangwa hadi kupita nyuzi 200. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kileo huruka. Hata hivyo, hiyo si hakika kwamba hakuna hata chembe iliyosalia. Kwa anayejiepusha na kileo kwa sababu ya imani, ujauzito, dawa, au kwa kuwa ameamua kuacha pombe, jambo hili si dogo. Ana haki ya kuelezwa kabla ya kununua, iwe ni pakiti dukani au kikombe mgahawani.

Buni ikipata unyevu kupita kiasi huweza kuota ukungu na kuzalisha sumukuvu, ikiwemo okratoksini. Kukaanga huipunguza sumu hiyo, lakini hakuiondoi yote. Na harufu kali ya wiski yaweza kuficha harufu ya ukungu. Epuka pakiti iliyotoboka, na usinunue kahawa ya aina hii isiyofungashwa wala kuwa na lebo.

3. Kusoma lebo

Kukaa katika pipa si sawa na kunyunyiziwa ladha ya wiski baada ya kukaangwa. Bidhaa zote mbili zinaweza kuuzwa, ila kila moja kwa jina lake la kweli. Tazama:

(a) jina la bidhaa, na orodha ya viambato: ladha iliyoongezwa sharti itajwe;
(b) aina ya kinywaji kilichokuwamo katika pipa;
(c) kahawa ilikolimwa, na jina na anwani ya mtengenezaji;
(d) uzito halisi, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.

4. Kupima bei

Tuseme pakiti ya kawaida ya gramu 250 ni shilingi 10,000, na ya pipa ya gramu 200 ni shilingi 16,000. Tofauti yaonekana kuwa shilingi 6,000 tu. Lakini kwa kilo moja, ya kwanza ni shilingi 40,000 na ya pili 80,000: mara mbili kamili. Linganisha uzito kwanza, ndipo ulinganishe bei.

5. Ukipotoshwa

Tunza pakiti na risiti, kisha mweleze muuzaji. Asipokusikiliza, suala la ubora na usalama lipeleke Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Suala la maelezo ya udanganyifu lipeleke Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Zoezi

(i) Kwa nini buni hutiwa katika pipa kabla ya kukaangwa, wala si baada ya kusagwa na kufungashwa?
(ii) Pakiti imeandikwa “kahawa ya wiski” bila kutaja pipa wala ladha iliyoongezwa. Utamuuliza muuzaji maswali gani mawili kabla ya kulipa?