Somo kwa Vyama vya Msingi: Njugu Mawe na Akiba ya Mbegu

Njugu mawe ni zao la msimu mmoja lenye asili ya Afrika Magharibi. Nchini Tanzania hulimwa sana katika sehemu kavu kama Dodoma na Singida. Ua lake la manjano huchanua karibu na ardhi. Likisha kurutubishwa, kikonyo husukuma ganda changa likakomae udongoni. Kila ganda huwa na punje moja, mara chache mbili.

Faida zake
Punje zina wanga mwingi, na karibu sehemu 1 katika 5 ya uzito wake ni protini. Mizizi huongeza naitrojeni ardhini. Zao hili hustahimili ukame mahali ambapo mahindi hukauka.

Kilimo
Udongo uwe wa kichanga, usiotuamisha maji. Mbegu zipandwe mvua zianzapo, kina cha sentimita 3 hadi 5. Maua yatokeapo, mashina yainuliwe udongo, na baada ya hapo jembe lisiyakaribie. Majani yawapo manjano, yapata miezi 4 au 5, mavuno yasicheleweshwe, kwani maganda hukatika yakabaki ardhini.

Mapishi
Njugu mbichi huchemshwa na maganda yake kwa chumvi. Zilizokauka ni ngumu. Hulowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, ndipo zikachemshwa kwa muda mrefu. Watu wa pwani huziunga kwa tui la nazi.

Akiba ya mbegu
Mbegu za zao hili ni adimu madukani. Mkulima hutegemea alizojiwekea mwenyewe. Aliyekula au kuuza zote wakati wa dhiki hufika msimu wa kupanda akiwa mikono mitupu, na mwaka wa ukame humkuta hana kinga. Kwa hiyo mbegu zichaguliwe shambani katika mashina yaliyozaa vizuri, zikaushwe barabara, na zihifadhiwe ndani ya maganda yake. Zikibanguliwa mapema, wadudu huzitoboa upesi. Yafaa katibu aandike akiba ya kila mwanachama kabla mizani haijafunguliwa, na akiba hiyo isiuzwe.

Maswali ya mkutano
1. Kwa nini jembe lisikaribie shina baada ya maua?
2. Mwanachama aliyepoteza mbegu asaidiweje na wenzake, naye azirudishe lini?