BUIBUI WA MITI YA MJINI NA SHAMBA LAKO

Mkulima wa Cheyo, utokapo nyumbani alfajiri na jembe begani, hupita chini ya miembe na mabaki ya miyombo. Ukiwapo umande, huona tando za buibui zikimeta baina ya matawi. Watu wengi huzipangusa kwa fimbo, wakaenda zao. Somo hili lakueleza kwa nini yafaa kuziacha, na jinsi miti ile ya mjini inavyomlisha buibui na kumzidishia uzazi.

1. Chakula cha buibui

Buibui si mdudu. Mdudu ana miguu sita. Buibui ana minane, wala hana mabawa. Buibui wa mashamba yetu hali mahindi wala hatoboi karanga. Hula nzi, mbu, nondo, panzi wadogo na viwavi vichanga. Wengine hutega utando. Wengine huwinda kwa mbio chini ya majani makavu. Na wengine hurukia windo lao kama paka arukiavyo panya.

2. Chakula ndicho uzazi

Jike hufanya mayai kwa nguvu ya chakula alichokula. Akishiba hukua, na mayai yake huwa mengi. Akishinda na njaa, mayai huwa machache. Mayai huyafunga katika mfuko wa nyuzi, akauficha penye ganda la mti au chini ya majani. Yuko buibui wa ardhini auchukuaye mfuko huo nyuma ya mwili wake, na watoto wakiisha kuanguliwa huwabeba mgongoni.

Kando ya Ziwa Viktoria, katika Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo mrukaji akaaye nyumbani mwa watu na karibu nazo. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba huyu huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Mwaka 2009 wakaeleza tena kwamba buibui aliyekula mbu wa namna hiyo hupata harufu impendezayo mwenziwe wa kuzaa naye. Basi waona jinsi chakula na uzazi vilivyofungamana.

3. Miti ya mjini humsaidiaje?

Zamani Tabora ilizungukwa na pori la miyombo, mitundu na mininga. Misafara ya biashara ilipita hapa, na reli ikafika mwaka 1912. Mji ukakua, pori likasogea mbali, yakabaki mafungu ya miti kati ya nyumba na mashamba. Katika mafungu hayo buibui hupata matawi ya kufunga utando, kivuli, majani makavu ya kujificha, na wadudu wengi wa kula. Penye taa za usiku wadudu huzidi kukusanyika.

Katika mji wa Sydney, nchi ya Australia, wataalamu walipima aina moja ya buibui wa tando kubwa, wakatangaza mwaka 2014 kwamba waliokaa penye majengo walikuwa wakubwa kuliko wenzao wa penye miti mingi. Lakini usidhani kwamba mji humfaa kila buibui. Yule wa ardhini, ahitajiye majani makavu, hapati makao katika uwanja uliofagiliwa mpaka udongo ukang'aa.

4. Wakati wa hatari

Mvua zikiisha, watu hufagia majani chini ya miti na kuyachoma. Pamoja na majani huungua buibui na mifuko ya mayai. Mvua zirudipo mwezi wa Novemba, nawe ukapanda, nondo huja kutaga katika mahindi machanga. Tangu mwaka 2017 Tanzania imepatwa na viwavijeshi vamizi, navyo huharibu mahindi sana. Yule ambaye angevila vingali vidogo, umekwisha kumchoma.

Watoto wa buibui husafiri kwa upepo, wakining'inia kwenye uzi, wakaingia mashambani. Lakini hapana budi pawepo mahali pa kutoka. Sumu nayo, ikinyunyizwa ovyo, huua buibui pamoja na viwavi. Kisha wadudu waharibifu huweza kurudi upesi kuliko yeye.

Buibui peke yake hawezi kumaliza viwavi, na pengine hukamata nyuki. Hata hivyo ni mlinzi asiyedai mshahara.

5. Mambo ya kufanya

(a) Acha ukingo wa miti na nyasi, upana wa hatua tano hivi, kando ya shamba. Usiuchome.

(b) Majani makavu yaache chini ya miti, au yatie katika shimo la mbolea.

(c) Ukitaka kuni za kukaushia tumbaku, panda miti yako. Usimalize ile iliyobaki.

(d) Kagua mahindi kila juma. Usinyunyize sumu kabla ya kuona viwavi.

(e) Pangusa tando zilizomo nyumbani na penye mizinga ya nyuki. Za shambani ziache.

(f) Usishike buibui kwa mkono, na watoto uwaonye, maana wako wachache wenye sumu ya kudhuru.

Ukiwa na shaka, jaribu mwenyewe. Kiangazi kijacho acha upande mmoja wa ukingo bila kuuchoma, na upande wa pili ufagie kama desturi yako. Mahindi yakifika magotini, hesabu mashina ishirini kila upande, uone ni mangapi yaliyoliwa. Fanya hivyo misimu miwili au mitatu, kisha uamue.

Maswali

1. Kwa nini jike aliyeshiba huzaa zaidi?
2. Moto wa kiangazi huharibu nini kisichoonekana?
3. Katika shamba lako, buibui watatoka wapi mvua zikianza?